Mlango Unaouliza

Festo Sanga, wakala wa kampuni ya milango, aliyapanga makokwa matatu juu ya meza ya kamati, kila moja kwenye kitambaa chake, kama sonara. Kwa macho hayakuwa na tofauti yoyote. Yote yalikuwa vipande vya plastiki nyeusi, laini, vya ukubwa wa kokwa la embe, vyenye tundu dogo la kupitishia kamba ya shingoni. Kampuni ilikuwa na jina lake refu la kuviita, lakini Mbeya nzima ilishazoea kusema makokwa, tangu milango ya majengo marefu ilipoacha kuwa na vitasa na matundu ya funguo.

"Hili la kwanza linafungua kwa yeyote aliyelivaa," alisema Festo. "Likidondoka sokoni, atakayeliokota ndiye mwenye nyumba."

Wanakamati walicheka kidogo. Lilikuwa kokwa la aina hiyo hiyo ambalo Jengo la Sisimba lilikuwa likilitumia, na wezi walishaingia nalo mara kadhaa.

"La pili linamjua mwenyewe. Linasikiliza mapigo ya moyo kupitia ngozi, na hakuna mioyo miwili inayodunda sawasawa. Akilivaa mtu mwingine, linakuwa kama jiwe."

"Na la tatu?" aliuliza Atuganile.

Alikuwa anajua jibu. Yeye ndiye meneja wa jengo, na alikuwa ameshasoma habari zote za kokwa la tatu kabla hajamwita Festo. Alitaka tu wenzake walisikie kutoka kwa mtu mwingine.

"La tatu linamjua mwenyewe, na linaijua hali yake," Festo alisema. "Ukilivaa, linakaa nawe siku za mwanzo likijifunza. Moyo wako ukiwa umetulia uko vipi, kiganja chako kinatoka jasho kiasi gani, unakanyagaje ukitembea. Baada ya hapo, ukifika kwenye mlango wa kutokea na hali yako haifanani na wewe, mlango haufunguki. Unauliza kwanza."

"Unamuuliza nani?"

"Mwangalizi wako. Mtu uliyemchagua mwenyewe, mkeo, mwanao, ndugu yako. Kokwa lake linatetemeka, anasikia sauti yako, anajibu ndiyo au hapana kwa kidole gumba. Akisema ndiyo, unatoka."

Mwalimu Tusekile alivua miwani. Alikuwa amefundisha baiolojia hadi alipostaafu, na sasa aliishi peke yake ghorofa iliyo chini ya ile ya Atuganile.

"Kijana," alisema, "mimi nimemzika mume wangu si muda mrefu. Wiki ile moyo haukuwa wangu, na miguu haikuwa yangu. Kokwa hilo lingenifungia ndani?"

"Lingeuliza, Mwalimu."

"Yaani haliwezi kujua kama mtu amechanganyikiwa au ana msiba?"

Festo hakumdanganya. Atuganile angekuja kuikumbuka sana heshima hiyo ya kutodanganywa. "Hakuna mashine inayoweza, Mwalimu. Hofu, huzuni, kuchanganyikiwa, mwilini yote yanaonekana karibu sawa. Ndiyo maana kazi ya kutofautisha tumemwachia binadamu."

Wanakamati wakamgeukia Atuganile. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini. Baridi ya Juni iliyopita, baba yake, Mzee Anyosisye, alitoka alfajiri na kokwa lake la kizamani, akiwa na nguo za kulalia na miguu mitupu. Jengo zima lilimtafuta. Walimkuta kwenye stesheni ya zamani, ile ambayo treni zilikuwa zimeacha kusimama, amekaa kwenye benchi lenye umande ulioganda, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Alikuwa dereva wa treni karibu maisha yake yote. Aliwaambia waliomfunika mablanketi kwamba treni yake imechelewa. Nimonia ilimlaza muda mrefu, na aliporudi nyumbani kuna sehemu yake ambayo haikurudi naye.

"Wewe ndiye meneja," alisema mwenyekiti. "Chagua, sisi tutakuunga mkono."

Atuganile aliweka kidole juu ya kokwa la tatu.

"Mimi naomba la pili," alisema Mwalimu Tusekile.

"Haiwezekani, Mwalimu," Festo alisema kwa upole. "Milango ya jengo moja inazungumza lugha moja."

Mwalimu alivaa miwani yake. "Basi andikeni kwamba mwangalizi wangu ni mdogo wangu wa Tukuyu. Na mumwambie asiwe mwepesi wa kukataa."

*

Mwanzoni kila mtu alifurahi. Wizi uliisha. Walinzi wa langoni walihamishiwa bustanini na kwenye matangi ya kuvunia maji ya ukungu, na ukumbi wa chini ukabaki mtupu, sakafu inang'aa, na mlango mkubwa wa kioo uliokuwa ukifunguka wenyewe watu wakiukaribia. Mama mmoja wa ghorofa za juu, Subilaga, alikuwa na mtoto wa kiume mwenye kifafa ambaye baada ya kuanguka huinuka na kutembea bila kujijua. Alimfuata Atuganile ofisini, akamshika mikono yote miwili, akalia. Kokwa lilikuwa limemzuia mtoto huyo mlangoni wakati malori yanapita.

Kwa Mzee Anyosisye kokwa halikupata kazi mwanzoni. Kila siku, kwa kawaida baada ya chai, aliinuka kitini na kusema, "Nakwenda kwa mama yako. Ameniita." Aliyasema maneno hayo hata mkewe akiwa amekaa mbele yake anachambua mchele. Bibi Gwantwa hakuwahi kumcheka. Alikuwa akiinua uso tu na kumjibu, "Niko hapa, Anyosisye," na mzee alimtazama kwa mshangao wa furaha, kama aliyefika safari ndefu, akaketi.

Kisha moyo wa Bibi Gwantwa ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kuomba, na madaktari wakasema alazwe. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa bonde, na ukisimama dirishani siku isiyo na ukungu unayaona mapaa yake ya bluu. Nyumbani hapakubaki mtu wa kujibu "niko hapa." Mzee akisema anakwenda kwa mkewe, alikwenda kweli. Alishuka kwa lifti hadi ukumbi wa chini, akasimama mbele ya kioo.

Na kila mara kokwa la Atuganile, mwangalizi wake, lilitetemeka kifuani.

"Atu, ni mimi. Nakwenda kwa mama yako. Ameniita."

"Baba, rudi juu. Jumamosi tutakwenda wote."

"Ameniita."

"Rudi juu, baba. Tafadhali."

Kisha kidole gumba, hapana. Alikuwa akifanya hivyo akiwa kazini, akiwa dukani, akiwa anapika. Mwanzoni ulikuwa mzigo kila mara, na alikuwa akikaa dakika kadhaa bila kuendelea na alichokuwa akifanya. Baadaye kidole kilizoea, kikawa kinakwenda chenyewe.

Jumamosi moja, mzee alipokuwa amesinzia kwenye kiti cha wodini, Bibi Gwantwa alimwita binti yake karibu. Alikuwa na mpira wa oksijeni puani na ilibidi asubiri kati ya sentensi na sentensi.

"Usimfungie sana baba yako."

"Simfungii, mama. Ninamlinda."

"Najua." Alimpapasa mkono. "Nilipoolewa naye alikuwa akiondoka na treni wiki nzima. Wenzangu walikuwa wakiniambia, huyo ana mwanamke kila stesheni. Lakini akiniambia nakuja siku fulani, anakuja. Mvua inyeshe, njia ikatike, anakuja kwa miguu. Hajawahi kusema nakuja halafu asije."

"Mama, sasa hivi hajui hata mwezi."

"Mwezi hajui," alisema Bibi Gwantwa. "Njia anaijua."

Atuganile alimwekea mto vizuri. Aliyachukulia maneno hayo kama maneno ya mke anayempenda mumewe, na akafikiri kwamba kupenda ni kazi ya mama, na kulinda ni kazi yake yeye.

*

Sifa za Jengo la Sisimba zilienea. Mwezi wa tisa, mameneja wa majengo yote marefu ya Mbeya walikutana katika ukumbi mmoja wa mjini, na Atuganile akaombwa aeleze kwa nini walichagua kokwa lile na limewasaidiaje. Kuta za ukumbi ule zilizima simu zote ili watu wasikilizane. Makokwa hayakuzimika, kwa kuwa hayakutegemea simu. Yalizungumza kupitia taa za barabarani, kutoka nguzo moja hadi nyingine, mji mzima.

Alizungumza vizuri. Aliwaeleza habari za wizi, habari za mtoto wa Subilaga. Alifika kwenye habari za baba yake, stesheni na umande ulioganda. Hapo hapo kokwa likatetemeka.

Alisita. Angeweza kutoka nje ya ukumbi. Badala yake alifikiri kwamba hakuna mfano bora kuliko huu, uliojileta wenyewe. Alilivua kutoka shingoni, akalishika karibu na kipaza sauti.

"Samahanini," alisema. "Nadhani huyu ni yeye mwenyewe. Sikilizeni."

"Atu." Sauti ya Mzee Anyosisye ilijaa ukumbini, ikitetemeka. "Atu, fungua. Nakwenda kwa mama yako. Ameniita."

Watu walitazamana kwa huruma. Mzee mmoja wa mbele alitikisa kichwa kwa kuelewa.

"Baba, ni mimi," Atuganile alisema, kwa ile sauti ya taratibu aliyokuwa amejifunza kuitumia. "Leo ni Alhamisi. Tutakwenda Jumamosi."

"Siyo Jumamosi. Ni sasa hivi. Nimevaa koti, Atu. Nimevaa na viatu."

"Vizuri, baba. Rudi nalo koti lako juu, ukapumzike."

"Mwanangu." Ukumbi wote ulisikia pumzi yake. "Mwanangu, nakuomba."

Baba yake hakuwahi kumwomba kitu kabla ya hapo. Atuganile alihisi jambo fulani limepita mbele yake haraka, kama mtu unayemjua anayepita kwenye basi la upande wa pili. Lakini watu wengi walikuwa wakimtazama, na kidole gumba kilikuwa tayari kimeshafika kilipozoea kufika.

"Hapana," alisema kwenye kipaza sauti, akiwaeleza wasikilizaji. "Nabonyeza hapa. Na baba yangu yuko salama."

Wakampigia makofi. Siyo makofi ya kelele. Yalikuwa makofi ya watu waliokuwa na wazazi wazee nyumbani, na wengine walifuta macho. Kokwa likatetemeka tena, na tena, na alipoona linamvuruga aliliweka ndani ya mkoba, akamalizia hotuba yake.

Alipotoka nje ya ukumbi na simu ikapata uhai, ilionyesha kwamba hospitali ilikuwa imempigia mara nyingi. Alisimama kwenye ngazi, jua linawaka, akampigia nesi. Nesi alipotamka jina lake kamili kabla ya kusema jambo lolote, Atuganile aliketi pale pale kwenye ngazi.

*

Mwalimu Tusekile alimweleza wakiwa wamesimama kwenye korido ya hospitali. Hakumweleza kwa kumlaumu. Alimweleza kwa sababu Atuganile alimwomba, na alipotaka kuruka jambo Atuganile alimwambia, "Hapana, Mwalimu, sema yote."

Bibi Gwantwa alikuwa amebadilika ghafla baada ya chakula cha mchana. Alijua mwenyewe. Alimwambia nesi, "Mwite Anyosisye aje." Nesi alimpigia binti, simu haikupatikana. Akapiga nyumbani. Mzee alipokea, akasikiliza, akasema, "Nakuja." Alivaa koti lake la reli, akavaa soksi na viatu, akafunga kamba. Siku zote alizotoka kwa kuchanganyikiwa alikuwa ametoka pekupeku.

Mwalimu alimkuta mlangoni, analia bila sauti na amesimama wima.

"Nikamuuliza, Mzee kuna nini? Akaniambia kila kitu, Atuganile. Jina la nesi, namba ya wodi. Alikuwa mzima kuliko mimi. Nikasema twende, nitakupeleka na gari langu. Lakini kama unavyojua, mlango ule hauruhusu mtu kupita na kivuli cha mwenzake. Nikisogea mimi, unahisi yuko nyuma yangu, unajifunga. Akisogea yeye, unauliza."

"Unaniuliza mimi."

"Unakuuliza wewe. Tulikuwa tukisikia majibu yako. Tuliyasikia na makofi pia."

Atuganile alifumba macho.

"Nilipiga kelele kwamba ni kweli, ameitwa," Mwalimu aliendelea, "lakini kokwa linachukua sauti ya mwenyewe tu. Mwisho nikavua kiatu, nikavunja kioo cha king'ora cha moto. Moto ukitangazwa, milango yote inafunguka. Basi ikafunguka. King'ora kikalia, watu wakateremka ngazi na watoto na mablanketi, wanakimbia, wanaitana. Nikampoteza katika msongamano. Nilipompata alikuwa uani, katikati ya watu, mikono masikioni." Mwalimu alimshika Atuganile mkono. "Nikamwambia, Mzee, njoo, gari hili hapa. Akanitazama. Akaniuliza, mwalimu, tumekuja kufanya nini hapa nje?"

Nesi mmoja alipita na kitoroli. Wakampisha.

"Nilimleta hivyo hivyo. Tulikuta mama yako ameshafunikwa. Baba yako alifikiri tumekuja kumtembelea mgonjwa wa mtu mwingine. Alitoa pole vizuri kabisa, akavua kofia."

Atuganile aliuliza jambo moja tu. Aliuliza kama mama yake alikuwa akimsubiri baba.

Mwalimu Tusekile angeweza kusema hajui. "Nesi anasema alikuwa akitazama mlango," alisema.

*

Walimzika Bibi Gwantwa huko Rungwe, kwenye udongo mweusi, mvua nyepesi ikinyesha juu ya migomba. Mzee Anyosisye alirusha udongo alipoambiwa arushe. Watu walimpa pole kwa Kinyakyusa, "Ndaga", na kumshika mkono, naye alikuwa akiwashukuru wote kwa kufika.

Kampuni ilimtuma Festo. Alikaa sebuleni na kofia yake mapajani, akasema wameikagua milango yote na kila kitu kilifanya kazi kama ilivyotakiwa. Alisema hivyo kwa aibu, na Atuganile alimwambia kwamba anajua. Angefarijika sana kusikia kulikuwa na hitilafu mahali fulani, waya uliokatika, betri iliyokwisha. Mashine ilikuwa imekiri kwamba haijui, ikauliza, na mtu aliyekuwa na uwezo wa kujua ndiye aliyejibu.

Kwenye kikao cha kamati alipendekeza makokwa yarudishwe kwa kampuni. Alikuwa amejiandaa kupingwa na mwenyekiti, lakini aliyesimama ni Subilaga.

"Dada Atuganile, Mungu akupe nguvu," alisema. "Lakini mwanangu aliinuka tena jana. Kama mlango ungekuwa wazi, leo ningekuwa na msiba kama wako. Ukiyaondoa, mimi nitamwangalia kwa macho gani, usiku na mchana?"

Mwalimu Tusekile, ambaye watu wote walimtazama, alisema tu kwamba ameshindwa kuamua. Makokwa yakabaki. Jambo moja lilibadilishwa, kwamba mtu, au mwangalizi wake, anaweza kuomba mlango usiulize kamwe, na hatari iwe juu yao. Subilaga hakuomba. Atuganile alimwombea baba yake siku hiyo hiyo, kisha akaandika barua ya kuacha kazi.

Nyumbani mzee hakubadilika. Baada ya chai aliinuka na kusema, "Nakwenda kwa mama yako. Ameniita." Siku za mwanzo Atuganile alimwambia ukweli, kwa sababu alikuwa ameapa kutomfungia tena jambo lolote. "Baba, mama amefariki. Tumemzika Rungwe." Mzee alikuwa akiupokea kama habari mpya. Alianguka kitini, akalia kilio cha mtu aliyefiwa saa ile, akimwita kwa jina la usichana wake. Alipotulia alilala. Alipoamka alikuwa amesahau, na baada ya chai akainuka.

Siku moja aliinuka, akasema maneno yake, na Atuganile akashindwa kumfisha mama yake tena. Alichukua koti la reli, akamvisha. Akapiga magoti, akamfunga kamba za viatu.

"Haya, baba. Twende."

Mlango wa kioo ulifunguka bila kuuliza.

*

Tangu hapo walitoka kila siku. Mzee alitangulia, Atuganile akamfuata nyuma kidogo, asimwongoze. Mama yake alikuwa amesema kweli. Mzee hakujua mwezi wala mwaka, lakini alishuka bondeni, akavuka daraja la miguu, akapanda upande wa pili hadi kwenye geti la hospitali bila kukosea kona hata moja. Wakifika hapo alikuwa anasita. Alitazama madirisha, akatazama viatu vyake, na safari yote ikamtoka kichwani. Atuganile alimshika mkono, wakakaa kwenye ukuta mfupi wa maua kupumzika kabla ya kurudi. Manesi walishawazoea na kuwasalimia.

Kulikuwa na siku alizomtambua binti yake na siku ambazo hakumtambua. Siku moja ya upepo, mlima Loleza wote ukiwa umefunikwa na wingu, ilikuwa siku ya kutomtambua. Alimshukuru kwa kumpisha nafasi ukutani, akamuuliza kama anatoka mbali.

"Hapa hapa mjini, mzee," Atuganile alisema.

"Una mgonjwa?"

"Nilikuwa na mama yangu."

"Pole sana." Kisha akasema, "Mimi mgonjwa ni mke wangu. Aliniita."

Atuganile alikuwa amejifunza kumwacha aseme.

"Nilikuwa nimeshavaa," mzee aliendelea, akitazama madirisha, na uso wake ukawa na wazo ndani yake, wazo zima, ambalo binti yake hakuwa ameliona kwa muda mrefu. "Koti, viatu, kila kitu. Nikafika mlangoni. Mlango ukakataa. Nikaomba. Kuna mtu alikuwa akisema nisitoke."

"Mtu gani, mzee?"

"Sikumwona. Sauti tu." Alifikiri. "Haikuwa sauti mbaya. Ilikuwa sauti ya mtu mpole."

Upepo ulipita, ukainua kola ya koti lake. Atuganile alitaka kuirudisha chini, mkono ukakataa kuinuka. Alitaka kusema ni mimi, baba. Aliona kwamba akisema atakuwa anamtua mzigo mtu mmoja tu, naye si baba yake.

"Una hasira naye?" aliuliza.

Mzee Anyosisye alimgeukia, akamtazama kwa wema anaotazamwa nao mgeni. "Hasira? Hapana, mama. Hakujua." Akatazama tena madirisha yale, moja baada ya jingine, kama anayetafuta namba ya behewa. "Lakini wewe ni wa hapa mjini. Huenda ukakutana naye."

"Huenda."

"Ukikutana naye, mwambie sikufika."

"Nitamwambia," alisema Atuganile.